Pengo la Tarumbeta

Kanze alikuwa akishona vifungo vya sare ya shule, Jumanne moja kama saa nne za asubuhi, mumewe alipoingia uani na sanduku la mbao kichwani. Alikuwa akicheka peke yake. Wanaomjua Nyale Mwaringa pale Muyeye watakwambia hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Miaka ishirini na miwili alipuliza tarumbeta kwenye bendi za hoteli za ufuoni, na hoteli zilipofunga moja baada ya nyingine akabakia kupuliza kanisani na mazishini. Lakini asubuhi hiyo uso ulikuwa umemng'aa kama wa bwana harusi.

"Mama Karo, njoo uone walichokuwa nacho watu wa mjini wasijue ni nini," alisema, akalitua sanduku juu ya kitanda cha kamba.

Sanduku alipewa na Lubna, binti wa nyumba moja ya zamani kule Malindi mjini. Mafundi walikuwa wakitengeneza paa la nyumba hiyo, na darini wakakuta vitu vya marehemu babu yake Lubna, Bwana Umair, aliyekuwa na duka la gramafoni na santuri wakati wa vita vya pili vya dunia. Lubna alimkumbuka Nyale kwa sababu alipuliza kwenye sherehe ya rafiki yake. Akamwita, akampa gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri thelathini na moja. "Chukua, mwalimu," alimwambia. "Kwetu zitaliwa na mchwa tu."

Zilikuwa santuri za jazi ya bendi kubwa, ile iliyochezewa dansi Marekani miaka ya thelathini na arobaini na kuitwa swingi. Nyale alizitoa mojamoja, akizifuta kwa fulana. Alimweleza mkewe kwamba bendi moja ilikuwa na watu kumi na sita: tarumbeta nne, tromboni tatu, saksafoni tano, na nyuma yao piano, gitaa, besi na dramu. "Wakipuliza pamoja," alisema, "ni kama ukuta mzima umeamua kutembea."

Chini kabisa palikuwa na santuri moja iliyofungwa kwa kitambaa cha marikani, na juu ya kitambaa uzi mweusi wenye mafundo saba. Nyale alijaribu kuyafungua kwa kucha, yakamshinda. Kanze akampa mkasi wake wa kushonea.

Hilo la mkasi Kanze analisema mpaka leo.

Santuri yenyewe ilikuwa imebanjuka kidogo ukingoni. Katikati haikuwa na jina la kampuni wala la wimbo, ila karatasi nyeupe yenye neno moja la wino uliofifia: Malindi.

Walizisikiliza alasiri, baada ya chakula, wakati wa joto lile ambalo hata kuku hulala. Kanze alirudi kwenye cherehani yake na kuacha muziki uende. Ilipofika zamu ya ile ya marikani alisimamisha mguu bila kujua. Wale watu walipiga vizuri kupita wote waliotangulia. Saksafoni ziliingia kwa ulaini, tromboni zikazijibu kutoka chini, tarumbeta zikalipuka, Nyale akapiga paja lake kofi. Kisha ghafla pembe zote zikanyamaza. Besi ikaendelea. Dramu ikaendelea, taratibu, kama mtu anayengoja mlangoni. Piano ikagusa hapa, ikagusa pale, bila kusema neno. Hali hiyo ikadumu kama nusu dakika. Halafu bendi nzima ikarudi na kumaliza wimbo.

"Umesikia?" Nyale aliuliza. "Pale palikuwa pa mtu wa tarumbeta peke yake. Wenzake wamenyamaza kumpisha, naye hakuja."

Akaisikiliza mara ya pili. Mara ya tatu alikuwa amesimama. Mkono ukaenda ukutani ilikotundikwa tarumbeta yake.

"Baba Karo, waachie wenyewe," Kanze alisema. Hakujua kwa nini alisema hivyo.

"Nafasi kama hii, mke wangu, sijapewa tangu nizaliwe."

Akazungusha mkono wa gramafoni, akaweka sindano, akangoja. Cherehani ya Kanze ilikuwa ikikimbia tena. Pembe ziliponyamaza, Nyale akaingia. Kanze amekaa na mtu huyu miaka ishirini na sita na hakuwahi kumsikia akipuliza vile. Sauti ilipanda bila kuhangaika, ikazunguka, ikashuka, na mwishoni akaiachia noti ianguke kidogo kama mtu anayecheka, jinsi alivyozoea kila siku. Jirani wa pili alipiga makofi kutoka upande wa pili wa ukuta.

Nyale alijifuta mdomo kwa leso. Leso ikawa na damu.

"Midomo imekauka tu," alisema.

Siku ya pili, saa zilezile za alasiri, aliiweka tena ile santuri. Tarumbeta yake ilikuwa ukutani. Yeye alikuwa ameketi, mikono mapajani. Bendi ikaenda, ikafika penye pengo, pembe zikanyamaza.

Na tarumbeta ikaingia.

Ilikuwa ndani ya santuri. Ilipanda, ikazunguka, ikashuka, na mwishoni ikaanguka kidogo kama mtu anayecheka. Kanze alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Ni mimi," alinong'ona.

"Hapana."

"Kanze, ni mimi."

Wakairudia, kwa sababu hawakuamini, na mara hii Kanze alisogeza sikio karibu. Santuri ile ilitengenezwa wakati wa vita, kabla wao wawili hawajazaliwa. Nyuma ya tarumbeta, mbali, ilisikika cherehani.

Alhamisi Nyale hakuweza kutoa noti hata moja. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, ukatoka upepo mtupu. Jumapili sauti ya kusema ikakauka. Wiki iliyofuata pumzi yenyewe ikapungua, akawa anavuta hewa kama mtu anayenyonya maji kwa mrija mwembamba. Hospitalini walimpiga picha ya kifua mara mbili. Mapafu yalikuwa safi. Walimpa dawa za kuvuta puani, wakamrudisha nyumbani, akawa akiandika anachotaka kwenye daftari la Kanze la vipimo vya wateja.

Alasiri moja alionyesha gramafoni kwa kidole. Kanze akakataa kwa kichwa. Nyale akakunja viganja viwili akimwomba. Basi akaiweka. Sindano ilipogusa tu, kifua cha mumewe kikainuka, kikajaa, na rangi ikamrudi usoni.

"Kanze," alisema, kwa sauti yake nzima. "Kanze wangu. Nilidhani sitaliita tena jina lako."

Walizungumza na kulia muda wote bendi ilipopiga, dakika tatu na kidogo. Sindano ilipotoka, neno likamkatikia mdomoni.

Kesho yake Kanze alikwenda mjini kwa Lubna. Alimkuta sebuleni na bibi yake, Bi Mwanabibi, mjane wa Umair, aliyekuwa na miaka tisini na zaidi na macho yaliyokwisha nuru. Kanze alipiga magoti, akamwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako ina msiba. Sema."

Kanze alisema yote. Alipotaja marikani na uzi mweusi, Bi Mwanabibi aligeuza uso kwa mjukuu wake.

"Lubna," alisema polepole, "ulitoa sanduku lile bila kuniuliza?"

"Bibi, zilikuwa santuri tu."

Bi Mwanabibi alimwashiria Kanze asogee. Kisha akamweleza Kanze aliyoyasikia kwa mumewe mara moja tu, kwani Bwana Umair hakuyarudia tena maishani. Wakati wa vita palikuwa na klabu ya maafisa hapa Malindi, na klabu ilikuwa na bendi. Mpiga tarumbeta wa kwanza alikuwa kijana wa Marafa, askari, jina lake Masha. Alipopuliza peke yake watu waliacha dansi wakasimama kumsikiliza. Mwenzake aliyeketi kiti cha pili hakuweza kuvumilia. Akatafuta dawa, akaipaka kwenye mdomo wa tarumbeta ya Masha. Midomo ikamvimba, halafu koo. Akafa asubuhi ileile mashine ya kurekodia ilipoletwa kutoka Nairobi. Mashine ilikuwa irudi jioni yake, kwa hiyo wenziwe wakarekodi bila yeye, na kwa heshima wakamwachia pake.

"Bwana yangu alipewa nakala moja," Bi Mwanabibi aliendelea. "Akaipeleka Marafa kwa mama wa Masha kama rambirambi. Yule mama akakaa nayo siku arubaini. Akairudisha kwa miguu yake, imefungwa hivyo ulivyoikuta. Akasema, 'Atakayekaa pa mwanangu na akae. Asiinuke.' Wa kwanza kupuliza pale alikuwa yuleyule wa kiti cha pili. Hakumaliza miezi mitatu. Akafuata Mgoa mmoja, Mhindi wa Goa. Akafuata mwingine, sikumbuki kabila lake. Kila mmoja alipokwisha, bwana yangu aliitazama santuri akaikuta inang'aa, mpya, na pengo limerudi, akaifunga tena vilevile na kuificha."

"Tukiivunja, Bibi?"

"Ndugu wa Mgoa aliipiga nyundo. Ikabanjuka kipande cha ukingo tu. Mgoa akatapika damu palepale alipokuwa amelala."

"Basi nani wa kuufungua uchawi huu?"

"Aliyeufunga alikufa, mwanangu. Hakumwachia mtu neno."

Lubna alimsindikiza Kanze mpaka nje, akilia. Kanze hakuweza kumlaumu, wala hakuweza kumbembeleza.

Hata hivyo alikwenda Marafa. Alielekezwa kwa mganga mwanamke aitwaye Sidi, mtu wa makamo, anayesifiwa mpaka Mombasa. Mganga alimpokea vizuri, akamkalisha, akampa maji. Kanze akaifungua kanga aliyoifungia santuri. Sidi akanyoosha mkono kuigusa. Vidole vikasimama hewani.

"Kuna watu wangapi humu?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Sijui, mama."

"Wanakutazama." Akarudisha mkono. "Funga. Ondoka nacho. Usikitue tena ndani ya boma langu."

Kanze alipofika njiani akageuka nyuma, akamwona mganga akimwaga jivu mahali alipokuwa ameketi.

Kilichobaki kilikuwa kungoja. Nyale ndiye aliyeyafahamu mambo ya santuri, na ndiye aliyeandika kwenye daftari: *Sindano inaila. Kila ukiipiga inalika. Ikilika yote, basi.* Na kweli, Kanze alipoiinamisha kwenye mwanga wa dirisha aliona mistari ile myembamba imeanza kugeuka kijivu, na muziki ulikuwa na mkwaruzo kama wa mchanga ukisuguliwa kwenye sufuria. Nyale akaandika tena: *Usiipige. Mngoje Karo.*

Caroline, mtoto wao wa pekee, alikuwa muuguzi Kisumu. Alikuwa ameahidi kuja baada ya siku kumi na mbili, likizo itakapoanza. Baba yake alitaka dakika tatu za kuzungumza naye. Hakuomba kingine.

Kanze aliahidi. Siku nne alitimiza. Siku ya tano midomo ya Nyale iligeuka rangi ya zambarau, macho yakamtoka, akawa akikwaruza godoro. Kanze akaipiga. Nyale alipopata pumzi, neno la kwanza lilikuwa la kumkanya: "Nimekwambia usiipige!" Siku ya saba akaipiga tena. Siku ya nane, na hili hakumwambia mtu mpaka baadaye sana, Nyale hakuwa amezidiwa. Alikuwa amelala tu, anavuta hewa yake kidogokidogo. Nyumba ilikuwa kimya. Kanze alitaka kuisikia sauti yake.

Akaipiga.

"Kwa nini?" Nyale aliuliza, akifumbua macho.

"Nimekukosa."

Nyale hakumgombeza. Alimshika mkono muda wote uliobaki, akamsimulia siku walipokutana, na nyuma yake bendi ilikuwa ikisikika kama watu wanaopiga ndani ya mvua.

Siku iliyofuata akaipiga mara mbili.

Caroline aliwasili Jumamosi, saa saba za mchana. Alikuwa ameyasikia yote kwa simu na hakuamini hata moja. Alikuja na mtungi mdogo wa oksijeni aliouazima. Akamfunga baba yake barakoa, akapima mapigo, akapima tena. Namba hazikupanda. Akakaza mpira, akaufungua, akakaza.

"Mama, hewa inaingia," alisema. "Inaingia lakini haimfikii."

Nyale akaonyesha gramafoni.

Kanze aliishika santuri mikononi. Ilikuwa imelainika. Kidole kilipita juu yake kama juu ya sahani. Akaiweka, akazungusha mkono mpaka mwisho, akaishusha sindano kwa uangalifu wote aliokuwa nao.

Palikuwa na mkwaruzo tu. Halafu, chini ya mkwaruzo, bendi. Ndogo. Mbali. Kifua cha Nyale kikainuka nusu.

"Karo."

"Abee, baba! Niko hapa."

"Mwanangu... umekonda."

Caroline akacheka na machozi yakamtoka. Hapo ndipo alipoamini. Akapiga magoti, akaliweka sikio karibu na mdomo wa baba yake. Maneno yalikuja vipandevipande, jinsi muziki ulivyokuja. Alimwambia asimwache mama yake peke yake. Alimwambia azikwe kwao Adu, karibu na nyumba ya wazee. Sindano ikafika penye tarumbeta. Haikusikika tarumbeta. Kilisikika kitu kama mtu anayepuliza kwenye kiganja.

Nyale akamgeukia mkewe. Alikuwa na haraka sasa.

"Kanze. Nisikilize. Wananivuta. Wakija nami nyumbani, usi..."

Sindano ikateleza. Ilipita juu ya santuri yote kwa mara moja, mpaka kwenye karatasi nyeupe.

Midomo ya Nyale iliendelea kusogea. Ilisogea muda mrefu. Caroline alikuwa akipiga kelele, akikandamiza kifua cha baba yake, akihesabu. Kanze alirudisha sindano mwanzo. Ikateleza. Akairudisha. Ikateleza. Akairudisha mpaka binti yake alipokuja kumshika mikono.

Ilikuwa saa nane kasorobo, jua kali, na barabarani watu walikuwa wakipita na mambo yao.

Jioni Kanze alipoiondoa santuri kwenye gramafoni, ilikuwa nyeusi, inang'aa. Mistari yote ilikuwa imerudi. Aliuona uso wake ndani yake.

Hakuiacha juu ya ardhi. Siku ya kuuweka mwili kwenye jeneza aliomba abaki peke yake na mumewe, akaisukuma santuri chini ya mto, akaufunika kwa shuka. Asipatikane mwingine wa tano. Alipomweleza Caroline, Caroline alisema, "Umefanya vyema, mama," na walizika Adu siku ya Jumatano, kando ya nyumba ya wazee, kama alivyotaka. Jamaa waliimba. Hakuletwa mtu wa tarumbeta.

Usiku wa tatu wa matanga mvua ya masika ilinyesha sana, ikakatika alfajiri. Kanze aliamka kwanza, akatoka na ufagio. Kutoka mlangoni hadi kaburini ni hatua kama thelathini. Alikwenda kuangalia kama udongo umeporomoka.

Caroline alimkuta amesimama pale, ufagio uko chini.

Upande wa mbali wa kaburi, kwenye tope laini, palikuwa na nyayo. Zilikuwa za viatu vya ngozi vyenye visigino, viatu ambavyo Adu hakuna anayevaa. Zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, jozi kando ya jozi, zikiwa zimezama sawasawa, kama za watu waliosimama mahali pamoja muda mrefu. Hapakuwa na nyayo za kuja. Hapakuwa na nyayo za kuondoka. Caroline alizihesabu kwa kidole. Jozi kumi na tano.

"Mama, twende ndani."

Kanze hakusogea. Alikuwa akitazama safu ya nyuma, mwishoni. Pale palikuwa na jozi ya kumi na sita, miguu mitupu, kwa kuwa Nyale hakuvishwa viatu siku ya kuzikwa. Zile nyingine zote zilielekea kaburini. Hii moja vidole vyake vilielekea nyumbani, na hatua moja mbele yake, kuelekea mlangoni, palikuwa na alama nyingine ya mguu mtupu wa kulia, haijakanyagwa sawasawa, kama ya mtu aliyeanza kuja akavutwa nyuma.

Caroline alikusanya vitu vyao asubuhi hiyo, akamsihi mama yake warudi Muyeye, ama waende wote Kisumu. Kanze alikataa. Yuko Adu mpaka sasa. Shemeji zake wanasema kila siku asubuhi hutoka kwenda kupima kwa shubiri umbali wa ile alama na mlango, maana haifutiki kwa mvua wala kwa jua, na hapo awali alama ilikuwa moja.

Sasa ni nne. Wamemwambia auwekee mlango komeo. Anawajibu kwamba Nyale hakumalizia kumwambia asifanye nini, na usiku huulaza mlango wazi.